Baada ya Maafa, Chekechea Ifunguliwe Vipi?

Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, mvua kubwa iliporomosha matope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Maafa ya namna hiyo yatokeapo, watu wazima huhesabu waliofariki, nyumba na mifugo. Mtoto wa miaka minne au mitano husahauliwa, kwa dhana kwamba yeye bado mdogo, hajui kitu.

Dhana hiyo ni potofu. Mtoto anajua, ila hana maneno ya kusema. Huzuni yake huonekana katika matendo. Aliyeacha kukojoa kitandani huanza tena. Aliyekuwa mchangamfu hunyamaza. Mwingine hung'ang'ania kanga ya mama asimwachie kwenda kazini. Wapo wachezao mchezo wa kuzika wanasesere matopeni. Wasikemewe, kwani kwa mchezo huo wanajaribu kuelewa jambo lililowazidi kimo.

MWALIMU MKUU AANZE NA WALIMU

Kazi ya kurudisha uhai wa shule humwangukia mwalimu mkuu. Kwanza, majengo yakaguliwe na mhandisi. Tetemeko la Septemba 10, 2016 mkoani Kagera lilionyesha jinsi kuta za madarasa zinavyoweza kupasuka kwa dakika moja.

Kisha akae na walimu wake. Nao wamefiwa, nao wamelala nje. Mwalimu ambaye hajapata pa kulala wala nafasi ya kumlilia nduguye hawezi kuwatuliza watoto 40. Apewe siku za kupumzika, wenzake wamshikie zamu.

Wazazi nao waitwe, ili nyumbani na shuleni mtoto asikie habari moja. Akiuliza mwenzake yuko wapi, aambiwe kweli kwa maneno mafupi: amefariki, hatarudi. Akiambiwa kwamba amelala, yeye mwenyewe ataogopa kulala.

Darasa likifunguliwa, hata kama ni chini ya mwembe, ratiba iwe ile ile ya zamani: nyimbo, uji, michezo, hadithi. Masomo mapya yangoje. Mtoto aliyeporomokewa na mlima anahitaji kwanza kuwa na hakika kwamba uji wa saa nne utakuja.

Mwezi ukipita naye bado hali vizuri, hasemi, au anashtuka usingizini, apelekwe kituo cha afya au kwa ofisa ustawi wa jamii.

Sisi wa mijini tusijione tuko mbali. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu majumbani mwao hapa Dar es Salaam. Basi katika mkutano ujao wa wazazi, tuulize: orodha ya watoto na simu za wazazi imehifadhiwa wapi? Na mzazi asipoonekana hadi jioni, nani atamchukua mtoto?