Kusaka mawe Kyerwa: Lijue bati kabla ya kulitia mfukoni

Na Mwandishi Wetu

ANAYEFUNGA safari kwenda Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera kusaka vito, akitarajia kukuta kitu mfano wa tanzanite ya Mirerani, ajiandae kuonyeshwa jiwe jeusi, zito na lisilo na mvuto wowote machoni. Jiwe hilo ni mbale ya bati, nalo ndilo lililoipa Kyerwa jina katika ramani ya madini tangu miaka ya 1920.

Ikumbukwe kuwa Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012 ilipofanywa wilaya kamili. Enzi za utawala wa Mwingereza, kampuni ya Kyerwa Syndicate ilichimba bati katika vilima vinavyoelekea Mto Kagera, na mashimo ya kale bado yapo. Hata hivyo, ufundi wa madini katika eneo hili ni wa kale zaidi ya wakoloni. Mzungu Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, Karagwe ilikuwa tayari na wahunzi wake, na ng'ombe wadogo wa chuma walikuwa miongoni mwa vitu vya heshima vya ufalme.

Wengi huchanganya bati hili na mabati ya kuezekea nyumba. Mabati hayo ni chuma kilichopakwa zinki, hayana bati ndani yake. Bati lenyewe huyeyuka kwa nyuzijoto 232 tu, na kwa sababu hiyo hutumika kuunganishia nyaya na vipande vidogo ndani ya redio, kompyuta na simu aliyoishika msomaji huyu.

Kitaalamu, bati la Kyerwa lilitokana na mwamba moto wa itale uliopenya katika miamba mikongwe takriban miaka bilioni moja iliyopita, ukiacha madini katika mishipa ya mawe meupe ya kwatzi. Mvua huibomoa mishipa hiyo na kuishusha mabondeni. Ndiyo maana wachimbaji wadogo hufuata mishipa kwa sururu na moko, wengine wakiosha mchanga wa vijito kwa karai.

Karai hufanya kazi kwa sababu ya uzito. Mbale ya bati ina uzito wa karibu mara saba ya maji, ilhali kwatzi haifiki mara tatu, hivyo mchanga huondoka na maji na punje nyeusi hubaki chini. Mgeni anaweza kudanganywa na turmalini nyeusi, lakini hiyo ni nyepesi na ina michirizi. Akiwa na shaka, asugue jiwe upande wa nyuma wa kigae usio na mng'ao: mawe mengi ya chuma huacha alama nyekundu au ya kahawia, bati huacha weupe hafifu.

Baada ya kulitambua, linakuja suala la sheria, na hapa ndipo watalii hujiponza. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kifungu cha 6, inakataza mtu yeyote kutafuta au kuchimba madini bila kibali, hata kama shamba ni la babu yake, kwani madini yote ni mali ya Jamhuri. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania pekee. Kwa maana hiyo, njia salama ni kuomba ridhaa ya mwenye leseni, kutazama kazi yake, na kuuliza Ofisi ya Madini kabla ya kuondoka na jiwe lolote.

Karatasi hiyo si urasimu mtupu. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria inayozitaka kampuni zilizo kwenye masoko yake ya hisa kueleza iwapo bati lao linatoka Kongo au nchi jirani, Tanzania ikiwamo. Bati lisilo na cheti cha Nchi za Maziwa Makuu (ICGLR) likakosa mlango halali, na mchimbaji wa Kyerwa, ambaye hakuwa na vita yoyote, akabaki na mzigo ambao mlanguzi wa ng'ambo ya mto aliupangia bei apendavyo. Soko la madini lililofunguliwa Kyerwa mwaka 2019 lilikusudiwa kuziba pengo hilo. Kila kilo inayovuka Murongo kwa magendo huzidi kulidhoofisha.

Kwa msafiri, barabara kutoka Bukoba hupita Kyaka hadi Omurushaka, kisha Nkwenda na Kaisho kuelekea Murongo. Aepuke kuokota chochote ndani ya hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizopandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa mwaka 2019. Aidha, asiingie shimo la kale hata likionekana kavu, kwani matimba yake huwa yameoza. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo afadhali. Wakati wa mvua kingo hulainika na mashimo mengine hufunikwa na maji na nyasi.