Yaliyomo Chini ya Viti vya Magari Yaliyotumika

Chama cha msingi kinaponunua gari la kazi, mara nyingi hununua lililokwisha kutumika Japani na kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Gari likiwa safi kwa nje, wanachama huridhika. Lakini siku viti vinapoinuliwa ili kufagia vumbi la pamba, huonekana nyaya zisizojulikana na vitu vilivyosahauliwa na mwenye gari wa kwanza. Hapo uamuzi wa haraka waweza kukigharimu chama fedha, au kumgharimu mtu mkono wake.

Plagi na nyaya za manjano zilizo chini ya viti vya mbele ni za mifuko ya hewa na za mitambo ya kukaza mikanda wakati wa ajali. Mfuko hufumuka kwa nguvu ya kemikali inayowashwa na umeme mdogo sana. Kwa hiyo ni marufuku kuzijaribu kwa taa au kuziunganisha na redio. Fundi aondoe kwanza waya hasi wa betri, kisha asubiri. Maelekezo ya Toyota hutaja muda usiopungua sekunde 90.

Nyaya za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa, katika magari yatumiayo petroli pamoja na umeme. Katika Toyota Aqua ya toleo la kwanza, lililotoka mwaka 2011, betri ya volti 144 imewekwa chini ya kiti cha nyuma. Aidha, tangi la petroli la Honda Fit liko chini ya viti vya mbele. Anayetoboa sakafu ili kufunga sanduku la fedha hutoboa hatari.

Magari mengine husema Kijapani yanapowashwa. Sauti hiyo haina siri. Hutoka katika kifaa cha kulipia ushuru wa barabara, kilichoenea Japani tangu mwaka 2001, nacho hueleza kwamba kadi haikuwekwa. Hapa kwetu hakina kazi, na fundi aweza kukiondoa.

Kitu kinachotisha zaidi katika Geita, ambako baruti za migodini zinafahamika, ni kijiti chekundu kinachoanguka kutoka miguuni pa abiria wa mbele. Hicho si baruti, bali ni mwenge wa dharura, kwa kuwa sheria ya Japani hulazimisha kila gari kuwa na kifaa cha kutoa ishara ya dharura. Ukisuguliwa kichwani huwaka kwa dakika 5 hivi kwa mwali mkali. Muda wake wa matumizi ni miaka 4, lakini hata uliopitwa waweza kuwaka. Usichezewe na watoto, usitupwe motoni, wala usiwekwe karibu na petroli au marobota ya pamba. Ushauri uombwe kwa Zimamoto.

Makatibu wanakumbushwa kwamba gari ni mali ya wanachama wote. Siku ya kulipokea, viti vikaguliwe mbele ya dereva, fundi na mjumbe wa bodi. Kila kilichoonekana kiandikwe katika daftari la mali, na wote watatu watie sahihi. Waya usiojulikana usikatwe kabla haujatambuliwa. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukata kwanza na kuuliza baadaye.