Vikanisa vya Kiingereza ambavyo havikufika Korogwe (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliwaacha wachungaji wapatao 2,000 wakiondolewa makanisani mwao mwaka 1662 kwa kukataa kukiri kwamba wanakubali kila neno la Kitabu cha Sala. Sheria ya 1689 ilipowaruhusu kusali hadharani, walijijengea vikanisa vyao: kuta tupu, mimbari ndiyo inayotazamwa, hakuna ubani wala askofu. Mbona Handeni na Korogwe hawakuachiwa hata kimoja?

Chanzo kina kichekesho chake. David Livingstone alikuwa mshirika wa kanisa la namna hiyo huko Uskoti, lakini hotuba yake ya Cambridge mwaka 1857 iliitikiwa na Waanglikana, tena wale waliopenda kengele na chetezo. Ndio waliounda misheni ya UMCA, wakaanza Magila mwaka 1868, kisha wakaenea hadi Korogwe, Kideleko na Kwamkono. Mkristo wa Kizigua akazoea padri aliyevaa mavazi ya misa, moshi wa ubani, na kengele mkate unapoinuliwa. Wamethodisti walikuwako, ila mbali, Ribe karibu na Mombasa, tangu 1862. Milimani Usambara walikaa Walutheri wa Kijerumani, ambao ni habari nyingine kabisa.

Ukuta kati ya pande hizi mbili ulionekana wazi Juni 1913. Misheni za Kiprotestanti zilikutana Kikuyu, Kenya, kutafuta namna ya kushirikiana. Siku ya mwisho Askofu Peel wa Mombasa aliadhimisha Ekaristi ndani ya kanisa la Waskoti, na wajumbe wasio Waanglikana wakapokea. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye Korogwe na Handeni zilikuwa chini yake, aliwaka. Akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akitaka Peel na mwenzake Willis wa Uganda washtakiwe kwa uzushi. Naona Weston alikuwa na hoja, maana kwake bila askofu hakuna kanisa. Ila ukali wake ulizidi kipimo.

Kesi haikufanyika. Jibu la Canterbury lilitoka 1915, la tahadhari tupu: ibada ile isirudiwe. Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeanza na mapadri na walimu wa UMCA walikuwa mikononi mwa Wajerumani. Mmoja wao, Samuel Sehoza, alisimulia kifungo hicho katika kitabu chake Mwaka katika Minyororo, kilichochapwa 1921. Tutakifungua juma lijalo.