Baiti 128 Mkiani mwa Wimbo

Je, wajua kwamba mwishoni mwa faili nyingi za MP3, sauti ikishakwisha, hubaki kipande cha baiti 128 kinachoanza na herufi TAG? Hiyo ni ID3, lebo aliyoibuni Eric Kemp mwaka 1996 ili wimbo utembee na jina lake. Jina la wimbo lilipewa herufi 30, msanii 30, albamu 30, mwaka 4, maelezo 30, na mtindo wa muziki baiti moja tu, yaani namba kutoka orodha iliyoanza na mitindo 80. Polka imo, taarab haimo. Ubahili huo una madhara. Andika “Mbaraka Mwinshehe na Orchestra Super Volcano” uhesabu: nafasi ya 30 inaishia kwenye neno “Orchestra”, na jina la bendi yenyewe limekatwa. Toleo la pili, la mwaka 1998, lilihamia mwanzoni mwa faili na kupanua nafasi, lakini faili nyingi zimebeba lebo zote mbili, na hazikubaliani kila mara.

Ndipo skripti ndogo inapohitajika, programu ya mistari michache inayopita faili moja baada ya nyingine, kwa mfano kwa lugha ya Python na maktaba yake ya mutagen. Wengi huisifu kwa kasi. Kwangu, sifa yake kubwa ni kwamba inaweza kutenganisha kazi mbili ambazo mkono wa binadamu huzichanganya: kutafuta tofauti na kuamua. Skripti inasoma majina ya wasanii, inaondoa nukta na nafasi, inageuza herufi kubwa kuwa ndogo, inabadili “&” kuwa “na”, kisha inaorodhesha yanayofanana. “T.P. O.K. Jazz” na “TPOK Jazz” yanaangukia kapu moja. Mpaka hapo haijagusa faili hata moja. Mwenye nyimbo anasoma orodha, anaandika uamuzi wake kwenye jedwali la maandishi ya kawaida, na skripti ya pili inalitekeleza.

Utaratibu huo unaonekana mrefu mpaka ukutane na Msondo. NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma: bendi ileile, majina yakifuata mabadiliko ya chama cha wafanyakazi Tanzania, hadi hilo la mwisho. Skripti iliyoachiwa iamue itayaona kuwa bendi nne. Ikiamriwa kuyaunganisha, itafuta jina linalosaidia kukisia wimbo ni wa kipindi gani. ID3 toleo la 2.4 lina jibu: sehemu ya msanii ibaki “NUTA Jazz”, na sehemu ya pili, TSOP, inayotumika kupanga tu, iandikwe “Msondo Ngoma”. Nyimbo zitakaa pamoja bila historia kufutwa. Lakini lazima mtu aijue historia hiyo kwanza.

Atauliza mtu, kwa nini kujisumbua wakati MusicBrainz Picard ipo? Programu hiyo hulinganisha sauti yenyewe na hazina inayojazwa na watu wa kujitolea, na kwa albamu inayojulikana inafanya kazi vizuri sana. Ila hazina haitambui kisichoingizwa. Wimbo uliorekodiwa redioni kwa kaseti, mtangazaji akiongea juu ya gitaa, utarudi bila jina, au vibaya zaidi, na jina la wimbo mwingine. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: skripti yenye kosa huharibu nyimbo elfu kwa dakika moja. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuijaribu kwanza ikiwa inachapisha tu kile ambacho ingebadilisha, tena juu ya nakala.

Kuhusu wanaosema siku hizi muziki unasikilizwa mtandaoni tu, waangalie faili zinazorushwa kwa WhatsApp. Mara nyingi wimbo hufika ukiitwa AUD, tarehe, kisha WA na namba. Jina la faili limepotea njiani, lakini lebo iliyo ndani, kama iliandikwa, kwa kawaida bado ipo, na skripti ya mistari kumi inatosha kuisoma na kulirudisha jina mahali pake.