Dakika 36 Bila Mpira

Kila likizo ya shule ikikaribia swali ni lile lile, na huja likiwa limeshajijibu: kijana anawafunga wenzake wote mtaani kwenye gemu ya NBA 2K, sasa apelekwe klabu gani? Mara nyingine muulizaji ni kijana mwenyewe, anayetaka kujua kama kweli ana haja ya mazoezi ya msingi ilhali mifumo ya ushambuliaji ya Golden State Warriors ameshaikariri. Haja anayo, ya mazoezi yote, kuanzia lile la kwanza kabisa. Na klabu ni yoyote iliyo karibu na nyumbani, kama ambavyo angeambiwa kijana asiyewahi kushika pedi ya gemu maishani. Wazazi kuuliza si vibaya hata kidogo. Kinachochosha ni imani iliyojificha nyuma ya swali, kwamba gemu yenye majina ya kweli, viwanja vya kweli na jasho linaloonekana likitiririka shingoni haiwezi kukosa kumfundisha mtu kikapu. Inaweza, na inakosa, kwa sababu ambazo ukishazijua hutauliza tena.

Gemu ipewe haki yake kwanza. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999 kwa mashine ya Sega Dreamcast, Allen Iverson akiwa kwenye jalada, kazi ya studio ya Visual Concepts ambayo kampuni ya Take-Two iliinunua mwaka 2005. Tangu hapo shabaha haijabadilika: mtu akipita sebuleni adhani mnatazama mechi ya NBA kwenye televisheni. Shabaha hiyo imefikiwa. Sauti ya utangazaji ni ya Kevin Harlan mwenyewe. Tangu toleo la NBA 2K24 sehemu ya miondoko huchukuliwa kutoka kwenye video za mechi halisi, kwa teknolojia waliyoiita ProPLAY, badala ya kutegemea tu waigizaji waliovalishwa vihisio studioni. Mashabiki hawakosei wanaposema ni gemu nzuri. Wanakosea kudhani kwamba kilichoigwa ni mpira wa kikapu, kumbe kilichoigwa ni matangazo ya mpira wa kikapu. Kamera ya televisheni hufuata mpira, na gemu inaufuata vile vile, kisha inakukabidhi mwili wa yeyote aliyeushika.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu. Mechi ya FIBA ina dakika 40, wachezaji kumi uwanjani, mpira mmoja. Ukigawa sawasawa, kila mchezaji anapata dakika nne, na hata hizo ni za ukarimu, maana mpira hutumia muda wake mwingine angani. Zinabaki dakika 36 ambazo hana kitu mkononi. Hata mchezeshaji anayeshika mpira mara mbili ya wenzake bado ana zaidi ya nusu saa ya kuhangaika bila mpira. Kocha akikaa pembeni siku ya majaribio na daftari lake, dakika hizo ndizo anazozitazama. Mpira ukipotea, huyu anarudi mbio au anasimama kulalamika kwa refa? Mpira ukiwa upande wa pili, amesimama pale anapoweza kumwona mtu wake na mpira kwa pamoja, au amemgandia mtu wake kana kwamba wanauziana kitu? Mtupo ukipigwa, anamziba mpinzani kwa mgongo kwanza, au anaruka tu na kutumaini? Anasema na wenzake? Sasa rudi kwenye gemu. Timu yako ikishambulia, kila pasi inayotoka inahama na wewe ndani yake, kwa hiyo wewe ni mwenye mpira tangu mwanzo hadi mwisho, na wale wanne waliobaki wanaendeshwa na kompyuta. Katika kulinda una uhuru wa kumchagua mchezaji yeyote, lakini wengi huukimbilia mpira, na wakiukimbilia kompyuta huziba pengo waliloliacha nyuma. Yaani inamfichia kijana uzembe wake, halafu inampa ushindi. Misimu mitatu ya ubingwa wa namna hiyo inamzalisha mtu ambaye hajawahi, hata mara moja, kusimama kwenye kona ya uwanja akisubiri pasi ambayo huenda isije.

Huo ni muda tu, bado miguu. Kosa la kwanza la kila anayeanza kikapu ni kutembea na mpira, na huchukua miezi mingi ya marudio kuliondoa: ukome kwa hatua moja au mbili, ujue mguu gani ni wa mhimili, ugeuke bila kuunyanyua. Kwenye gemu kosa hilo karibu halipo, kwa sababu miguu si yako. Unabonyeza, na mlolongo wa hatua uliorekodiwa kutoka kwa mtu mwenye miguu ya dhahabu unachezwa mbele yako hadi mwisho. Hata kugongana na mlinzi ni mlolongo: miili miwili inanaswa kwenye mchezo mfupi ulioandaliwa, na matokeo yanapigiwa hesabu kwa alama za nguvu, urefu na kasi za kila mmoja. Kutupia ni hivyo hivyo. Unashika kitufe, unaachia kwa wakati wake, mita ikiwaka kijani mpira umeingia. Kinachopimwa ni kidole gumba, na kupima kidole gumba si aibu, ni ujuzi halali wa gemu. Ila kiwiko, magoti, pumzi ya robo ya nne na mkono wa mtu usoni haviko humo isipokuwa kama tarakimu zinazopanua au kubana nafasi ya kuachia kitufe.

Ushahidi kwamba tarakimu hizo ni maoni tu ulitoka kwa watengenezaji wenyewe. Msimu wa 2015/16 Stephen Curry alifunga mitupo 402 ya pointi tatu, mingi akiwa anadribo, kutoka mbali, juu ya walinzi wawili. Gemu ilikuwa imejengwa kuadhibu mitupo ya aina hiyo, kwa sababu kwa kila mwanadamu mwingine ni mitupo mibaya. Mwaka 2016 mkuu wa upande wa uchezaji wa 2K, Mike Wang, alieleza hadharani kwamba Curry anawasumbua: ukimruhusu afanye anayoyafanya kweli, unavunja kanuni zinazowabana wachezaji wengine wote. Kwa hiyo wazee wa vijiweni wanaobishana nani bora kwa kuitaja ile alama ya jumla, ya chini ya mia moja, ambayo gemu humpa kila mchezaji, waache. Alama ni makadirio ya mtu aliyekaa ofisini, na makadirio hata ya wenye fedha zao hukosea. Kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, Memphis Grizzlies walimchukua Mtanzania Hasheem Thabeet wa pili, na huyo Curry akaachwa hadi nafasi ya saba. Urefu wa Thabeet ulipimika bila shida siku ile. Gemu hupima vizuri vitu vya aina hiyo hiyo.

Wanaotetea huwa na hoja mbili, na zote zina uzito kiasi. Ya kwanza: gemu inafundisha akili ya mchezo. Kweli, kwa sehemu. Mtu aliyecheza sana anajua kwamba mwenzake akimwekea mlinzi skrini kuna njia tatu za kwenda, na mlinzi wa pili akichelewa yupo mtu peke yake karibu na kikapu. Anajua majina ya mifumo. Anaanza kutazama mechi kwa jicho lenye maswali, na kwa kocha hilo ni faida. Lakini anaona yote hayo kutoka juu, kamera ikimwonyesha wachezaji wote kumi kwa pamoja, wakati uwanjani anaona kwa urefu wa macho yake, huku mtu wa kilo 90 amesimama katikati ya yeye na jibu. Kujua kwamba pasi ipo ni jambo moja, kuiona ni jingine, na kuifikisha ni la tatu. Hoja ya pili ina nguvu zaidi: ukiingia mtandaoni, watu watano dhidi ya watano, kila mtu anaendesha mchezaji mmoja, na hapo ndipo dakika 36 zinarudi. Nakubali, na hiyo ndiyo sehemu bora ya gemu nzima, inayomfundisha mtu kukaa sehemu yake na kuvumilia. Ndiyo pia sehemu ambayo vijana wengi hawaifikii, kwa sababu inataka intaneti isiyokatika na seva isiyo mbali, na kuchelewa kidogo tu kwa mawimbi kunaharibu muda wa kuachia mtupo. Miguu, hata huko, bado si yao.

Kuna pia suala la kanuni, ambalo hakuna anayeliuliza hadi kijana aanze kuwabishia marefa. Gemu inafuata kanuni za NBA. Ligi zetu, kuanzia za shule hadi za taifa, zinafuata za FIBA. Robo ni ya dakika 10, si 12. Faulo ya tano inakutoa, si ya sita. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, si 7.24. Mpira ukishagusa chuma yeyote anaweza kuupiga, wakati NBA ni lazima uachwe hadi utoke juu ya kikapu. Na mchezaji hawezi kuomba mapumziko akiwa ameanguka na mpira, kwani hilo linaombwa na benchi la ufundi.

Basi, kwa haraka, kwa wanaotaka kutumia kilichopo. Funga gemu kwa mchezaji mmoja, mpangilio huo upo, na mchague ambaye si mchezeshaji. Zima mita ya kutupia. Ongeza urefu wa robo ili uchovu na faulo viwe na maana. Pandisha ugumu hadi kijana aanze kufungwa, maana anayeshinda kila siku hajifunzi. Toleo la simu, NBA 2K Mobile, ni zaidi mchezo wa kukusanya kadi, msilichanganye na hili. VC, ile sarafu iliyoanza kwenye NBA 2K13, hununua vitu vya kwenye skrini tu, kama alama za mchezaji na pakiti za kadi. Pakiti hizo, za sehemu ya gemu iitwayo MyTEAM, ni bahati nasibu tu, na Ubelgiji ilipoamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari, uuzaji wa pakiti za MyTEAM kwa VC ulizimwa nchini humo. Kadi ya benki isibaki kwenye akaunti ya mtoto. Hakuna haja ya kununua kila toleo la Septemba. Tangu NBA Live 19 ya mwaka 2018 kampuni ya EA haijaleta mshindani mwingine, na asiye na mshindani habadiliki sana kwa mwaka mmoja. Toleo la zamani la bei nafuu linatosha kwa kucheza nje ya mtandao, ila ujue unachonunua: NBA 2K22 ilitoka Septemba 2021, seva zake zikafungwa tarehe 31 Desemba 2023, na VC zilizokuwa humo zikaenda nazo.