Kwenu ni Wapi? Nyumba, Boma na Pesa Unayotuma Kila Mwisho wa Mwezi

Ukikutana na Mkenya mwenzako kwa mara ya kwanza, swali la pili baada ya jina huwa ni hili: "Kwenu ni wapi?" Hajakuuliza unaishi wapi. Ukijibu Umoja au Kasarani, atacheka kidogo kisha aulize tena: "Hapana, kwenu kabisa." Hapo ndipo unataja Mbita, Oyugis, Rongo, Awendo au Isebania, na mazungumzo yanaendelea.

Kwa kijana wa miaka 22 au 25 ambaye wazazi wake wako Homa Bay au Migori, swali hilo halina jibu jepesi. Pengine umezaliwa Nairobi na unaenda ocha Disemba na wakati wa matanga tu. Pengine umekulia Kendu Bay lakini kazi imekupeleka Mombasa, na ukirudi watoto wa boma wanakuita mgeni. Kodi ya bedsita unalipa kila tarehe tano. Lakini kabla ya kodi, kuna pesa nyingine inatoka kwa simu yako kwenda mahali unapopaita nyumbani. Leo tuongee kuhusu hiyo pesa, na kuhusu hapo inapoenda.

Nyumba si nyumbani

Wajaluo, ambao ndio wengi katika kaunti hizi mbili, wana maneno mawili tofauti. *Ot* ni nyumba, yaani kuta na paa. *Dala* ni boma, yaani nyumbani. Unaweza kuwa na *ot* popote pale, hata ghorofa ya tano Pipeline. *Dala* haipatikani kwa kulipa kodi wala kwa kununua.

Mvulana akishakua, hujengewa *simba*, nyumba yake ndogo karibu na lango la boma la babake. Watu wa nje huona simba kama dalili kwamba kijana sasa anajitegemea, lakini kimila hiyo bado ni hatua ya kwanza tu. Boma bado ni la baba. Baadaye, akiwa ameoa na ana watoto, ndipo anatoka kwenda kuanzisha boma lake, kwa taratibu za wazee, akiwa na jogoo, shoka na moto. Kabla ya siku hiyo, mtu anaweza kuwa na gari na digrii mbili, na wazee bado watasema hana dala.

Si kila mtu wa kaunti hizi ni Mjaluo. Kuna Wakuria upande wa Kehancha na Abasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, na kila jamii ina desturi zake. Lakini swali la "kwenu ni wapi" linawahusu wote.

Swali lililofika mahakamani

Tofauti kati ya nyumba na nyumbani iliwahi kusimamisha nchi nzima. Wakili S. M. Otieno alifariki Disemba 1986 baada ya kuishi na kufanya kazi Nairobi kwa miaka mingi. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka amzike kwenye shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ulisema hapana: Nairobi alikuwa na nyumba tu, nyumbani kwake ni Nyalgunga, Siaya. Kesi ilienda hadi Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa.

Huku kwetu tuna mfano wa zamani zaidi. Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Maisha yake ya siasa yalikuwa Nairobi, na huko ndiko alikouawa kwa risasi Julai 5, 1969. Lakini kaburi lake liko Rusinga, Homa Bay, kisiwa cha wazazi wake. Hakuzaliwa hapo na hakufanyia kazi hapo, na bado hakuna mtu anayeuliza kwa nini alizikwa hapo.

Kwa hivyo, kijana unayesoma hii ukiwa kwa matatu, hiyo hisia ya kuwa na kwenu mahali usipoishi haikuanza na wewe. Babu zetu waliofanya kazi kwenye reli, bandarini na kwenye mashamba ya chai waliijua vizuri.

Kile simu ilibadilisha

Enzi hizo, kutuma pesa nyumbani kulimaanisha kumpa dereva wa basi bahasha, kumpata mtu wa kijijini anayesafiri, au kwenda posta. Ilichukua siku, na wakati mwingine haikufika. M-Pesa ilipoanza hapa Kenya Machi 2007, tangazo lake la kwanza halikuongea kuhusu teknolojia. Lilisema tu utume pesa nyumbani. Kama mtu aliyesomea masoko, naona hilo ni tangazo lililomjua mteja wake: neno lililouza huduma lilikuwa "nyumbani".

Lakini urahisi umeleta jambo jingine. Zamani ukienda Disemba ulienda na kila kitu mara moja: sukari, mafuta, blanketi la nyanya, na habari. Sasa nyumbani kunakufikia kila siku. Jumatatu ni dawa ya mama. Jumatano ni mbolea. Ijumaa kuna mchango wa mazishi ya mtu ambaye humkumbuki vizuri, na kwa grupu ya familia majina ya waliotoa yanaandikwa, kila mtu ayaone. "Tuma na ya kutoa" ni sentensi ambayo kila kijana mwenye kazi anaijua.

Hapa ndipo wengi wetu tunaumia kimyakimya. Unatuma kwa sababu unapenda watu wako, na pia kwa sababu unaogopa kwamba ukiacha kutuma utaacha kuwa wa pale. Ukweli ni kwamba nyumbani pamekuwa na ada ya uanachama, na hakuna mtu aliyekaa chini na wewe mkapanga ni ngapi.

Na kama wewe ni msichana?

Swali hili huwa linapitwa haraka, na ndilo zito zaidi. Simba ni ya mvulana. Msichana, kwa desturi, nyumbani kwake ni pale atakapoolewa. Ndiyo maana utapata binti anayefanya kazi Nairobi, ametuma pesa miaka mitatu, amewajengea wazazi nyumba ya mawe, amechimba kisima, na siku ya kikao cha shamba anaambiwa, "Wewe ni mgeni hapa, utaenda kwenu." Kwa desturi ya zamani, binti asiyeolewa akifa hata kaburi lake liliwekwa nje ya ua wa boma.

Sheria ya Kenya inasema tofauti. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haibagui kati ya mtoto wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi uondolewe, pamoja na ule unaotoka kwenye mila. Wazee wengi wanajua hivyo, na familia nyingi tayari zinawagawia mabinti. Lakini sheria haiji yenyewe mpaka kwenye kikao. Lazima mtu aiseme, mapema, wazazi wakiwa hai na watu wakiwa hawajakasirika.

Jinsi ya kutuma bila kuumia

Haya ni mambo ambayo unaweza kuanza nayo mwezi huu.

1. Weka kiasi, na kiseme wazi. Hesabu kodi, nauli, chakula na akiba kwanza. Kinachobaki kwa ajili ya nyumbani kiwe namba moja inayojulikana. Tuseme unapata shilingi 30,000. Ukiwaambia wazazi kwamba kila tarehe mbili utatuma 4,000, ya kutoa ikiwa ndani, wao pia wataweza kupanga. Elfu nne za uhakika zinasaidia boma kuliko elfu saba za mwezi huu na kimya cha miezi miwili.

2. Lipa kitu chenyewe ikiwezekana. Karo ilipwe moja kwa moja kwa akaunti ya shule. Simiti na mabati zilipwe kwa namba ya till ya duka la vifaa, kisha ndugu aende kuchukua. Bima ya afya ya wazazi ilipwe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Humdharau mtu kwa kufanya hivyo. Unamwondolea ndugu yako mzigo wa kushika pesa ya ujenzi siku ambayo mtoto wake ni mgonjwa.

3. Jenga kwa awamu, na uone kila awamu. Msingi kwanza. Fundi alipwe msingi ukiisha, si kabla. Omba picha, na umtume mtu wa pili, asiye wa fundi, apite aangalie. Nyumba nyingi za ocha hukwama kwenye lenta kwa sababu pesa yote ilitumwa pamoja kwa mtu mmoja.

4. Soma jina kabla ya kuweka PIN. Ukiona ujumbe "zile pesa tuma kwa hii namba ingine", usitume. Piga simu kwa namba ya mama unayoijua na usikie sauti yake. Na ukituma kimakosa, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, kabla pesa haijatolewa.

5. Tunza stetimenti. Pakua ripoti ya akaunti yako angalau mara mbili kwa mwaka na uihifadhi kwenye barua pepe. Andika pembeni pesa ilikuwa ya nini. Siku ya kikao, "mimi nilichangia" ni maneno matupu. Orodha yenye tarehe na kiasi ni kitu kingine, hasa kwa binti anayeambiwa hakufanya chochote.

6. Ukinunua shamba, usiishie kwa neno la mdomo. Fanya upekuzi kwenye sajili ya ardhi uone jina la mwenye hati. Ardhi ya kilimo inahitaji pia idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na bila idhini hiyo mauzo hayana nguvu kisheria hata kama pesa yote imelipwa na wazee wameshuhudia.

7. Mwambie mtu mmoja kwamba una akaunti. Usimwambie PIN. Mwambie tu kwamba ipo, pamoja na akiba na chama unachochangia. Pesa isiyodaiwa kwa muda mrefu hupelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, na familia hulazimika kuifuata huko kwa makaratasi.

Boma la mawe la Migori

Ndani ya Kaunti ya Migori, kilomita 46 kaskazini magharibi ya mji, kuna Thimlich Ohinga. Ni maboma yaliyozungushiwa kuta za mawe, yanayoaminika kujengwa karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta hizo zimepangwa jiwe juu ya jiwe, bila udongo wala saruji, na bado zimesimama. Ndani yake waliishi watu, na mifugo ilifungiwa humo usiku.

Kinachonigusa kuhusu mahali hapo ni kwamba halikuwa boma la kundi moja. Jamii moja iliondoka, nyingine ikaja, na kila waliokaa walirekebisha ukuta walioukuta. Ukuta usio na saruji haukai miaka mia kwa bahati. Jiwe likianguka, lazima mtu alirudishe.

Labda hilo linatusaidia kujibu swali la mwanzo. Kwenu ni pale ambapo jiwe likianguka unaambiwa, na ukirudisha jiwe una sauti kwenye kikao. Kuambiwa bila sauti ni kutumika tu. Sauti bila kuchangia nayo ni kelele. Kijana wa Homa Bay au Migori, mvulana kwa msichana, anastahili vyote viwili, hata kama usiku wa leo analala kwenye bedsita Nairobi.

Mwisho wa mwezi huu, kabla hujabonyeza "tuma", piga simu kwanza. Muulize mama mvua imefikia wapi na ng'ombe aliyekuwa mgonjwa anaendeleaje. Muulize baba kuhusu mpaka wa shamba. Kisha taja ile namba mliyopanga, soma jina kwenye skrini, na utume. Na usisahau ya kutoa.