Nini Kimeikwaza? Kuichunguza Bastola ya Mashindano Inaposhindwa Kulishwa Risasi

Utangulizi

Mtu anaposema kwamba bastola "imekwama," huwa amesema kweli lakini hajasema mengi. Kitenzi kwama kimo katika kauli ya kutendama: hutaja hali ya kitu na kumficha aliyeisababisha. Jamaa zake ni kwaa, kwaza na kwamua. Kwaza hudai kiima. Sharti pawe na kitu kilichokwaza. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mlenga shabaha anayeuliza "Nini kimeikwaza?" kabla ya kuikwamua silaha yake huipata hitilafu upesi na, lililo kubwa zaidi, huyakinga maisha yake na ya wenzake.

Aina moja ya ufyatuaji wa mashindano husimamiwa kimataifa na shirikisho la IPSC, lililoundwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, nchini Marekani. Katika michuano mingi ya mchezo huu, alama za mshindani hugawanywa kwa muda alioutumia, hivyo sekunde chache za kukwama zaweza kumnyima ushindi. Nchini Kenya, umiliki wa bastola hutawaliwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kwa hiyo yanayoelezwa hapa yanamhusu mwenye leseni, akiwa uwanjani chini ya msimamizi.

Safari ya risasi

Gobori la kale lilishindiliwa baruti na risasi kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu. Mlishaji alikuwa binadamu. Bastola ya kisasa hujilisha. Risasi ikifyatuka, nguvu yake husukuma nyuma kipande cha juu kiitwacho slaidi. Kindoano kidogo hulivuta ganda tupu kutoka kwenye chemba, nalo hurushwa nje. Springi huirejesha slaidi mbele. Njiani huisukuma risasi ya juu katika magazini, yaani kikasha kinachochomekwa ndani ya mpini. Risasi hiyo hupanda kipito cha mteremko na kuingia katika chemba. Hatua yoyote ikilegalega, mnyororo wote hukatika.

Kusoma dalili

Kila mkwamo huacha alama yake, na alama hiyo ndiyo inayostahili kusomwa kwanza.

Kifyatulio kikivutwa pakasikika mgoto mtupu, na chemba ikaonekana haina kitu, yamkini magazini haikuchomekwa hadi mwisho, na slaidi ikapita juu ya risasi bila kuigusa.

Pua ya risasi ikigota kwenye mteremko, tazama magazini: huenda springi yake imechoka au midomo yake imepinda. Huenda pia mteremko wenyewe umejaa masizi, au umbo la risasi ni bapa mno kwa bastola hiyo.

Ganda tupu likisimama wima mlangoni, mara nyingi slaidi haikurudi nyuma kikamilifu. Mkono uliolegea huweza kuwa sababu. Katika mashindano kuna sababu nyingine: wengi hutumia risasi za nguvu ndogo ili bastola isiruke sana, zikikaribia kiwango cha chini cha IPSC, ambacho ni 125. Kiwango hicho hupatikana kwa kuzidisha uzito wa risasi katika greni kwa kasi yake katika futi kwa sekunde, kisha kugawanya kwa 1,000. Risasi dhaifu ikikutana na springi ngumu, slaidi hurudi nusu ya safari.

Ganda la kwanza likibaki katika chemba na risasi ya pili ikalisukuma kwa nyuma, shuku kindoano: kimevunjika, kimelika au kimejaa uchafu.

Vumbi la Bonde la Ufa

Jina la Nakuru aghalabu huhusishwa na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa daiatomaiti, udongo mweupe uliotokana na maganda ya silika ya viumbe wadogo wa majini. Vumbi jembamba likichanganyika na mafuta mengi hugeuka tope linalosaga chuma. Slaidi hukawia kufunga, nazo risasi hupanda kwa shida ndani ya magazini iliyoangushwa mchangani. Dawa yake si kuongeza mafuta. Pangusa yote, kisha paka kiasi kidogo kwenye reli za slaidi tu. Ndani ya magazini paachwe pakavu.

Njia ya kutambua chanzo

Magazini zote zitiwe nambari. Mkwamo ukifuata nambari moja, kosa ni la magazini hiyo. Ukifuata kasha moja la risasi, kosa ni la risasi. Ukitokea kwa magazini zote na risasi zote, bastola ipelekwe kwa fundi wa silaha aliyeidhinishwa. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja; anayebadilisha springi, risasi na magazini kwa pamoja hatajua kamwe kilichomponya.

Wakati wa kukwamua, mtutu uelekee kwenye tuta na kidole kiwe nje ya kifyatulio. Kanuni za IPSC humpa mshindani dakika 2. Akishindwa, humwarifu msimamizi.

Ipo hali moja isiyoruhusu haraka hata kidogo. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, huenda fataki imewaka bila baruti ya kutosha, na risasi imebaki ndani ya mtutu. Atakayesema tu "imekwama," akavuta slaidi na kufyatua tena, huweza kuupasua mtutu mikononi mwake. Hapa mlenga shabaha sharti aache kufyatua, amwite msimamizi, na mtutu ukaguliwe baada ya silaha kuondolewa risasi.

Hitimisho

Kugota, kusimama wima, kusukumana, kukawia kufunga: Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kutenganisha hitilafu hizi. Kasoro ni kuzirundika zote chini ya kitenzi kimoja. Wanafunzi wa lugha wanaokusanya istilahi wafike basi kwa mafundi na wasimamizi wa viwanja, wasikilize wanavyozitaja. Msimamizi akiuliza kilichotokea, jibu la "imekwama" humwacha gizani; jibu la "mlio ulikuwa hafifu" humfanya ausimamishe ufyatuaji mara moja.